Jicho la Mashine na Wigi la Zuhura

Sikieni, hii nawaambia kwa sababu tumeshazeeka wote na hakuna tena wa kunichumbia, maana kwa miaka mingi mtu akitaja neno wigi mbele yangu mimi nilikuwa nanyanyuka na kujifanya naenda kuangalia sufuria jikoni, hata kama jikoni penyewe hapajawashwa moto. Aibu niliyoipata siku ile pale kiwandani Moshi, mbele ya wageni, mbele ya meneja, mbele ya Evarist fundi umeme (ambaye nilikuwa nampenda kidogo, basi na hilo nalo lijulikane leo), aibu ile sijaipata tena, na namwomba Mungu nisiipate mpaka naingia kaburini.

Mimi nilikuwa napakia sabuni. Kiwanda chetu kilikuwa cha umma, halafu ile miaka soko huria lilipoingia kikauzwa, akaja mwenye mali mpya, na mwenye mali mpya akaja na mambo mapya. Zamani tulikuwa wanawake wengi tumepanga mstari kama kwaya, tunahesabu vipande vya sabuni kwa mikono na kuvitia kwenye katoni huku tukisemana na kucheka, na wengine walipopunguzwa kazi tulilia kweli, kwa sababu nafasi zao zilichukuliwa na kitu ambacho hakikuwa kikubwa hata kuzidi kiberiti. Evarist alikiita sensa. Sasa sisi sensa tuliyoijua ni ile ya serikali, karani anakuja nyumbani anauliza mko wangapi na mna ng'ombe wangapi, tukacheka sana, mpaka tulipoona na hii nayo kazi yake ni kuhesabu. Basi tukaliita jicho.

Jicho lenyewe lilifungwa ubavuni mwa mkanda, ule mkanda mrefu unaotembea umebeba sabuni. Lina kijitaa chekundu, linatupa mwanga mbele yake, sabuni nyeupe ikipita mwanga unaigonga unarudi, nalo linasema moja, inapita nyingine, mbili, hivyo hivyo, na hesabu ikitimia mkono wa chuma unatoka kwa kishindo unazisukuma sabuni zote ndani ya katoni, gundi inapakwa, katoni inafungwa, imeenda. Hakuna kusema nimechoka wala mtoto wangu anaumwa. Mimi nilibakizwa ili nilitunze lile jicho, nilipanguse vumbi la sabuni, na mkanda ukikwama nimwite fundi. Nami nikajiona mtu.

Wiki moja kabla ya mkasa nilikuwa nimepaka dawa ya kulainisha nywele. Nilipaka mwenyewe, chumbani kwangu Pasua, jirani akanigongea tukaanza maneno, maneno yakakolea, na ninyi mnanijua nikianza maneno. Nilipokumbuka kichwa tayari kinawaka moto. Nilipoosha, nywele zilitoka na maji zikaenda zake, zikabaki huku kidogo na huku kidogo, kichwa kikawa kama shamba la mahindi lililoliwa na mbuzi. Na wakati huohuo meneja akatangaza kwamba wageni wanakuja kuona mitambo mipya, na kwamba atakayewaeleza habari za jicho ni Koleta, kwa sababu Koleta ana sauti na hababaiki.

Koleta ndiye mimi.

Wageni hao hawakuwa wa kupiga picha na kuondoka. Mkubwa wao alikuwa Mama Temba, mfanyabiashara wa jumla wa Himo, mama mmoja mpana, mwenye macho ya kupima, ambaye kitu asichokiuza yeye basi pale njia panda hakiuziki. Wakati ule sabuni za kutoka ng'ambo ya mpaka zilikuwa zimejaa madukani mpaka zetu zikawa zinalala ghalani, na mama huyu alikuwa akilalamika kwamba katoni zetu zinamfikia pungufu. Akikubali kuchukua, wafanyabiashara wengine wa njia ile wanamfuata. Akikataa, sisi tuliobaki tungewafuata wenzetu nyumbani. Meneja alituambia asubuhi, huku amevaa tai iliyomkaba: “Leo mkanda hausimami. Hata moto ukiwaka, uwake huku mkanda unatembea. Mmenielewa?” Tukasema tumeelewa.

Zuhura, rafiki yangu wa idara ya kufunga, ndiye aliyenihurumia akaniletea wigi lake. Wigi zuri jeusi, limejaa, linashuka mpaka mabegani, ukilivaa unajisikia una gari. Shida ilikuwa kofia. Sheria ya kiwanda ilisema kila anayesimama karibu na mkanda avae kofia ya kitambaa, nami niliivaa, lakini kofia juu ya wigi lile ilinitoa nundu kama mtu aliyeficha mkungu wa ndizi, na Evarist akapita akaniangalia mara mbili. Basi nikafanya uamuzi. Uamuzi wenyewe ni mdogo, hata ninyi mngeufanya: nikaivua kofia nikaitia mfukoni mwa koti la kazi, nikajisemea ni kwa muda huu tu wa wageni, wakitoka naivaa.

Wakaingia. Mama Temba mbele, wenzake wawili watatu nyuma, na dereva wake aliyekuwa akitafuna muwa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe hilo jicho lenu linaloniibia.”

Nikaeleza, jamani. Nilieleza mpaka mwenyewe nikajishangaa, nikapitisha kiganja mbele ya kijitaa kikawaka, nikakiondoa kikazima, nikawaambia jicho halisinzii, halipigi soga, wala halina ndugu wa kumpelekea sabuni. Mama Temba akatikisa kichwa, akauliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia ubaridi: “Na kikipita kitu kisicho sabuni?”

Evarist akadakia, kifua mbele. “Linakikataa, mama. Mkanda wote unasimama. Pale hata nzi hapiti.”

(Hata nzi. Alisema hivyo, mashahidi wapo.)

Meneja akawaita wageni upande wa pili wakaone pipa kubwa la kuchemshia, wakageuka wote, na hapo ndipo nikaona kipande kimoja cha sabuni kinakuja kimekaa upande. Nikainama kukinyoosha. Joto la mashine, jasho la kueleza, na wigi limeshikwa na vibanio viwili tu, lilitoka kichwani taratibu, kama mtu anayeshuka kitandani asimwamshe mwenzake, likaangukia mkandani katikati ya sabuni mbili, likaenda. Naliangalia linaenda. Limejikunja kama paka mweusi aliyepata lifti.

Kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda kilikuwa pale pale mkononi mwangu. Ningekigusa tu. Lakini nikasikia sauti ya meneja, leo mkanda hausimami, na nikajiambia ya nini nijitie aibu mimi wakati jicho lenyewe litalikataa sasa hivi, kila mtu atadhani ni hitilafu, nami nitalinyakua. Nikatoa kofia mfukoni nikaikandamiza kichwani mpaka masikioni, nikasubiri jicho lifanye kazi yake.

Kijitaa kikawaka kwa sabuni ya mbele. Kikazima. Wigi likapita mbele ya jicho, taratibu kabisa, lote. Giza. Kikawaka kwa sabuni ya nyuma. Mkono wa chuma ukatoka, pa! Gundi. Katoni ikafungwa, ikateremka ikajiunga na wenzake waliofanana nayo kama mapacha.

Nikamwangalia Evarist. Evarist alikuwa ameona. Mdomo ulikuwa wazi na ile “hata nzi” ilikuwa bado inaning'inia hapo mdomoni.

Wageni wakapelekwa kula. Meneja alikuwa amechinja mbuzi, kuna mtori wa ndizi, kuna pombe ya mbege kwa wanaotaka, wakakaa nje kivulini wakila na kupunga upepo, na sisi watatu, mimi, Zuhura na Evarist, tukabaki ghalani na lile rundo la katoni. “Wigi langu, Koleta!” Zuhura ananong'ona kwa hasira. “Lile nimeletewa kutoka Dar!” Nikamwambia dada, wigi nitakutafutia hata mawili, sasa hivi tutafute hili. Lakini tungefanyaje? Kuzifungua zote hatuwezi, gundi imeshashika. Evarist akawa anazinyanyua kusikia uzito, eti yenye wigi itazidi kidogo, kana kwamba nywele ni nondo. Mimi nikawa nazitikisa sikioni moja moja, nikifikiri penye wigi sabuni hazitagonga. Na zote hazikugonga, maana jicho lilikuwa linapanga vizuri, hilo lazima nilipe haki yake.

“Koleta, unasikiliza nini?”

Meneja. Amesimama mlangoni na kijiti cha meno.

“Gundi, mzee. Nasikiliza kama imekauka.”

Alinitazama, halafu (nadhani kwa sababu ya mbuzi) akatabasamu, akaita wabebaji, akawaambia zile katoni za mbele pale wazipakie kwenye gari la Mama Temba, zawadi ya kiwanda. Zilikuwa ndizo hizo. Nikatamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya kiwandani ina saruji.

Tukatoka nje nyuma ya katoni kama watu wanaosindikiza jeneza. Nikaanza kuomba: basi iende, Mungu wangu, iende mpaka Himo, iuzwe mpaka Tarakea huko, ikafunguliwe na mtu asiyenijua. Mama Temba alikuwa ameshika mlango wa gari, ameshaaga, na mguu mmoja umeshapanda. Halafu akaushusha.

“Subirini,” akasema. “Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia, hata akiwa wa bure. Nipe kisu.”

Akafungua katoni ya kwanza, akahesabu kwa kidole, sabuni zote zipo, safi, nyeupe. Akaguna vizuri. Meneja akalegeza tai. Mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu mchana. Angeishia hapo! Lakini mfanyabiashara hahesabu moja akaridhika. Akafungua ya pili, akaingiza mkono, mkono ukasita, akauvuta polepole, na wigi likatoka, likaendelea kutoka, limejaa unga wa sabuni mpaka likawa na mvi, likaning'inia mkononi mwake kama kitu kilichokufa kwa huzuni.

Hata dereva aliacha kutafuna.

“Meneja,” akasema Mama Temba, bila kupandisha sauti, “sabuni zenu zimeota nywele?”

Meneja akaikaza tena tai yake. Na hapo mama mmoja wa idara ya kuchemsha, mtu mwenye mdomo usio na breki, akaropoka: “Hilo si la Zuhura? Si alilivaa Sikukuu ya Idi?”

Macho yote yakamgeukia Zuhura. Naye Zuhura, mwenye watoto watatu na mume aliyeshapunguzwa kazi, aliinamisha kichwa. Angeweza kuninyooshea kidole, na asingekuwa amekosea hata kidogo. Hakuninyooshea. Nilimwona anavyoshika ncha ya khanga yake kwa nguvu, nikajua kwamba nisiposema sasa hivi mtu atapoteza kazi kwa kunihurumia mimi. Nikanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule, sijui kwa nini niliunyoosha.

“Nililivaa mimi, mama. Yeye aliniazima tu. Lilianguka nikiwa nimeinama.”

Na ili nisibishiwe, nikavua kofia.

Jamani. Nilisikia watu wanavuta pumzi. Kichwa changu kilichoraruka kikapigwa na jua mbele ya wageni, mbele ya wabebaji, mbele ya mpishi wa mbuzi. Evarist akatazama viatu vyake. Mtu mmoja nyuma akasema “Yesu na Maria” kwa sauti ya msibani.

Mama Temba akanisogelea, akanizunguka kidogo kama anayekagua ndama mnadani. “Nani amekufanyia hivi?”

“Dawa ya nywele, mama.”

“Dawa gani?”

“Ile ya kopo la bluu. Lenye picha ya mwanamke anacheka.”

Mama Temba akakohoa. Dereva wake akasema, kwa furaha ya mtu aliyetambua kitu: “Mama, si ile tuliyoshusha juzi dukani?”

“Wewe tafuna muwa wako.”

Mtu wa kwanza kucheka simjui. Nadhani ni mpishi. Halafu kicheko kikaenea, Zuhura akacheka huku machozi yanamtoka, na mwisho Mama Temba mwenyewe akaegemea gari akacheka mpaka mabega yakatikisika, na mimi katikati yao na upara wangu wa viraka sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote. Lakini mama yule hakuwa mtu wa kusahau biashara kwa sababu ya kicheko. Alipojipangusa macho akamgeukia Evarist. “Fundi. Ulisema hata nzi.”

Tukarudi ndani wote. Akataka wigi lipitishwe tena, mbele yake. Likapita, jicho halikulitambua. Akalipitisha kwa mkono wake, likapita. Evarist jasho linamtiririka, akajipiga paji la uso, akaeleza kwamba jicho lile linangoja mwanga urudi, na sabuni nyeupe inaurudisha, lakini nywele nyeusi zinaumeza mwanga hazirudishi kitu, kwa hiyo kwa jicho ni kama hakijapita kitu. Mama Temba akauliza: “Kwa hiyo panya mweusi akipanda hapo, namnunua?” Evarist akakubali kwamba angemnunua.

Meneja alikuwa amekaa juu ya katoni kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba. Lakini Evarist, na hapa nampa sifa yake, hakukaa. Upande wa gundi kulikuwa na macho ya namna nyingine, yanakaa mawili mawili yanatazamana, moja linatupa mwanga jingine linaupokea, na chochote kikikatiza katikati, kiwe cheupe kiwe cheusi, yanajua. Akayafungua akayaleta mbele, akayafunga chini kidogo ya jicho la zamani, ili lile likisema hapa ni pengo kati ya sabuni na sabuni, nayo lazima yaone tupu, akahangaika na nyaya huku wageni wakinywa soda na mimi nimemshikia bisibisi kichwa wazi, maana sasa ningeficha nini? Akasema tayari. Wigi likawekwa katikati ya sabuni mbili. Likafika kwenye yale macho mawili, na mkanda ukasimama, taa nyekundu juu ikawaka, kengele ikalia. Tukashangilia kama goli limeingia. Mama Temba akalirudisha tena na tena, kwa furaha, kama mtoto aliyepata kitu kipya cha kuchezea, kila mara kengele inalia, halafu akasema kwa sauti ya dukani: “Sasa nimeona. Gari langu litakuja Jumatatu. Na huyu binti asifukuzwe, maana sijui mngeniuzia nini bila yeye.”

Meneja hakunisifu, msidhani. Wageni walipoondoka aliniita, akanitazama kichwani, akatazama pembeni, akasema neno moja: “Kofia.” Nikasema ndiyo mzee. Akasema tena, “Kofia, Koleta,” akaenda zake huku anavua tai.

Nilikuwa nafikiri nimeshamaliza kuogopa, kumbe bado. Nilipokuwa napangusa mashine Evarist akaja, akazima umeme, akanionyesha ndani ya lango, pale mkono wa chuma unapotokea, nyuzi chache za wigi zilikuwa zimekabwa kwenye bawaba, zimekazika hata bisibisi haikuzitoa. Akaniuliza wigi lilikuwa limeshikwa na nini. Nikamwambia vibanio viwili. Nikamwambia na ukweli mwingine, kwamba asubuhi ile Zuhura alitaka kulishonea kabisa kwenye zile nywele zangu zilizobaki, kwa sindano na uzi, lisitikisike, nami nikakataa kwa sababu kichwa kilikuwa na vidonda vya dawa kinauma. Evarist aliweka tu kiganja juu ya ule mkono wa chuma, na mimi nikaelewa kwamba lingeshonewa, kichwa changu kingelifuata ndani ya lile lango. Nikakaa sakafuni, nikawa nacheka, nashika uso wangu, nashika masikio yangu yote mawili, yapo, jamani, yapo!

Siku hizi macho hayo yako kila mahali. Kwenye chupa za soda yapo, kwenye sukari yapo, kwenye kahawa yapo yanayochagua punje mbaya kwa rangi yake, na Evarist alikuja kuwa fundi wa kuitwa huku na huko kuyafunga, akaoa nesi wa Machame, na pilau la harusi yake nililila vizuri tu bila kinyongo. Mimi nilikaa kiwandani mpaka nikastaafu. Zuhura nilimnunulia wigi jingine, akalivaa mbele yangu kila Idi kwa makusudi.

Lakini jioni ya siku ile nilipanda nyumbani Kibosho, sikutaka kulala Pasua, nikamkuta mama yangu kihambani, kwenye shamba letu la migomba, anakata majani ya ng'ombe. Nikamsalimu, nikavua kofia kabla hajauliza. Alinitazama sana, akaweka mundu chini. “Umefanana na marehemu babu yako,” akasema, “alipotoka hospitali.” Halafu akanikalisha kwenye kigogo chini ya migomba, akaleta wembe na maji ya vuguvugu, akaninyoa zote zilizobaki, huku nikimsimulia na yeye akisimamisha wembe kila alipozidiwa na kicheko. Alipomaliza upepo wa mlimani ukashuka ukanipiga kichwani moja kwa moja, wa baridi, mtamu, na sikumbuki kama nimewahi kusikia raha ya namna ile.

Wigi sijavaa tena, na sitavaa, hata nikibaki na unywele mmoja nitauchana huo huo. Na mkanda wowote unaotembea siuinamii. Juzi nilikwenda kumpokea mwanangu uwanja wa ndege, tukafika pale mizigo inapozunguka, akaniambia mama shika lile begi jekundu linapita, nikamwambia shika mwenyewe, baba, mimi nakungojea hapa, nimesimama mbali na nimefunga kilemba.